Valvu ya Upande wa Pili

Simu ya kwanza ilipigwa kwa hasira, si kwa hofu.

"Mkwe wangu, hivi wewe si ndiye mtu wa maji?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yenu yamekuja kunitembelea. Yanashuka ngazi kama wageni wasioalikwa, wala hawabishi hodi."

Aliyepigiwa simu alikuwa mchoraji wa ramani wa mamlaka ya maji. Ofisi nzima ilimwita Dada Ramani, kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Aliibana simu kati ya sikio na bega, vidole bado viko kwenye kibodi, akatabasamu peke yake. Mama mkwe wake hakuwahi kumpigia simu kazini ila kulalamika, na malalamiko yake yalikuwa na utamu wake, mradi usiwe wewe unayelalamikiwa.

Mama huyo alikuwa na karakana ya cherehani katika chumba kilicho chini ya usawa wa barabara, kwenye jengo la zamani la mtaa wa maduka. Ukitoka barabarani unashuka ngazi za saruji, unakuta mlango wa chuma, na juu ya mlango dirisha refu jembamba lenye nondo, ambalo kutokea ndani huoni kitu ila viatu vya wapita njia. Kwa miaka yote alitamani mke wa mwanawe arithi cherehani zile. Badala yake akaletewa binti asiyejua kushona hata kifungo. "Anachora mabomba," alikuwa akiwaambia wateja. "Na mabomba yenyewe yameshafukiwa. Sasa sijui anamchorea nani, panya?" Dada Ramani alikuwa ameyasikia hayo mara nyingi, maana waliishi nyumba moja, yeye na mama mkwe, wakati mume akiwa safarini na lori lake wiki nenda wiki rudi.

"Mama, huenda ni koki ya jirani imeachwa wazi," alisema. "Ngoja niulize."

"Koki gani inayoleta mchanga na mawe?"

Tabasamu likamtoka Dada Ramani. Papo hapo redio ya mawasiliano iliyokuwa juu ya kabati ikakoroma, na sauti ya Tindo, kiongozi wa mafundi wa barabarani, ikajaa chumba kizima.

"Ofisi, ofisi! Bomba kuu limepasuka mtaa wa maduka. Barabara imetumbukia. Narudia, barabara imetumbukia, kuna shimo linaweza kumeza gari. Nipeni valvu nifunge maji!"

Mkuu wa zamu, mtu wa makamo aliyekuwa akitembea ofisini na soksi tu kwa sababu ya maumivu ya nyayo, akainuka kwenye kiti chake. "Dada Ramani, mpe valvu."

Lakini Dada Ramani alikuwa bado ameishika simu. "Mama, nisikilize. Toka nje sasa hivi."

"Nitoke vipi? Nina bibi harusi hapa amevaa gauni, lina pini kila mahali."

"Mama, acha gauni! Toka!"

Alisikia nyayo, kisha kishindo, kisha kishindo kingine. Akasikia sauti ya msichana ikisema, "Tusukume pamoja, moja, mbili." Mama mkwe aliporudi kwenye simu, hasira ilikuwa imemwisha.

"Mlango haufunguki. Unafungukia nje, na nje kwenye ngazi maji yamejaa. Yameuegemea."

Mambo mawili yakamjia Dada Ramani akilini kwa mpigo, umeme na kuzama, na akalishika lile la kwanza. "Umeme. Cherehani zimechomekwa?"

"Zote."

"Swichi kuu iko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Maji yamefika wapi?"

"Kwenye vifundo vya miguu."

"Kazime sasa hivi kabla hayajafika kwenye soketi, halafu mpande juu ya meza ya kukatia. Nyote wawili. Usikate simu."

Akaiweka simu mezani, sauti wazi. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamemtoka pima. "Ni nani huyo?"

"Mama mkwe. Yuko pale chini. Yuko na mteja."

Mkuu hakusema pole. Alivuta simu ya mezani na kuwapigia zimamoto, na kwa mkono mwingine akaelekeza kidole kwenye skrini, kana kwamba anamsukuma: kazi, kazi.

Dada Ramani akaifungua ramani ya mji, akaukuza mtaa wa maduka mpaka ukajaa skrini, akabofya mahali pale Tindo alipopasema. Programu ile ilikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: unaigusa sehemu, unaiambia umbali, nayo inakukusanyia kila kitu kilicho karibu, ikakupangia kuanzia cha karibu hadi cha mbali. Akauliza valvu. Orodha ikatoka mara moja. Akaisoma redioni.

"Tindo, ya kwanza iko mbele ya duka la miwani, ukingoni mwa barabara. Ya pili, kwenye kona upande wa juu."

"Nimezipata. Fimbo ya mbali haiui nyoka, hizi ziko karibu, tunazifunga."

Kwenye simu, mama mkwe alisema, "Nimezima umeme. Sasa ni giza giza. Huyu mtoto wa watu analia."

"Mwambie maji yanafungwa sasa hivi."

"Nimemwambia mkwe wangu ni mtu wa maji. Ndiyo kwanza akazidi kulia."

Hata katika hali ile, mtu mmoja ofisini alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Walisubiri. Redioni walisikia mafundi wakihesabu mizunguko ya ile spana ndefu. Tindo akasema, "Ya kwanza imefungwa." Baada ya muda akasema, "Ya pili imefungwa." Kisha redioni ikabaki ngurumo ya maji tu.

"Tindo?"

"Maji ni yaleyale, Dada. Nimeifunga ya mbele ya duka la miwani, watu wa juu wanapiga kelele kwamba bomba zao zimekauka, lakini shimo linachemka vilevile. Ya pili imesaidia kidogo tu. Mbona hivi?"

Dada Ramani akainamia skrini. Akaitazama upya ramani, na mara hii hakuutazama umbali, aliitazama mistari. Chini ya barabara ile palilala mabomba mawili sambamba, kama mtu na kivuli chake: dogo la kugawia maji madukani, na kubwa lililopasuka. Valvu ya mbele ya duka la miwani ilikuwa hatua chache kutoka kwenye shimo, lakini ilikuwa ya bomba dogo. Ilikuwa jirani tu, haikuwa ndugu. Alikuwa ameiuliza kompyuta nani yuko karibu, wakati alipaswa kuuliza nani anahusika.

Akaligusa bomba kubwa lenyewe, akaiambia programu imletee valvu zilizofungamanishwa na bomba hilo peke yake. Orodha ikatoka na mstari mmoja: ile ya kona ya juu, ambayo Tindo alishaifunga.

Moja tu. Bomba lina ncha mbili. Lile lilikuwa likipokea maji kutoka juu na kutoka chini, na huko chini nako lazima pawe na mahali pa kulifungia.

"Mkwe," ilisema simu. "Yamefika magotini nikiwa juu ya meza."

Tangu waingie ofisini asubuhi ile hakuna aliyemwona Dada Ramani akisimama. Sasa alisimama, akakaa, akasimama tena. Mkuu akamwekea mkono begani. "Pumua. Huoni nini?"

"Sioni valvu ya upande wa chini. Mstari unakatika hapa." Akaweka kidole. Mstari wa bluu ulishuka na mtaa wa maduka, ukapita karakana ya cherehani, ukafika njia panda, ukaisha ghafla kama uzi uliokatwa kwa mkasi.

Na alipokiona kidole chake mwenyewe kimesimama pale, akaelewa. Njia panda ile ilikuwa mpaka. Mamlaka iliugawa mji katika kanda, na kila kanda ilikuwa na tabaka lake la ramani, linalofunguliwa peke yake kama droo ya kabati. Yeye alikuwa amefungua droo moja. Programu ilitafuta ndani ya droo hiyo tu, ikaleta ilichokiona, wala haikusema kwamba bomba linaendelea kwenye droo ya pili.

Akalifungua tabaka la kanda jirani. Lilichukua muda wake kufunguka, na Dada Ramani aliuona kila upande wa skrini ukijichora polepole, mtaa baada ya mtaa, akatamani kuipiga kompyuta makofi. Mstari wa bluu ukaungana. Akauliza tena: valvu zinazohusiana na bomba hili, pande zote mbili. Ikaja ya pili. Ilikuwa ng'ambo ya njia panda, katikati ya barabara.

"Tindo! Vuka njia panda. Valvu iko katikati ya barabara, mkabala na duka la vipuri."

Alisikia viatu vya mpira vikikimbia, pumzi, honi za magari. "Niko hapa. Hakuna kifuniko. Ni lami tupu, tena mpya."

"Iko chini ya lami. Waliotandika barabara wameifunika."

"Sasa nichimbe wapi? Barabara hii ni pana kama uwanja!"

Alishajiuliza swali hilo kabla hajaulizwa. Alikuwa ameigusa ile valvu na kuiuliza programu majirani zake: nini kiko karibu nayo kinachoonekana juu ya ardhi? Bomba la zimamoto la kona. Chemba ya maji machafu. Nguzo ya taa, lakini ile iliwahi kugongwa na gari ikahamishwa, akaiacha.

"Una tepu mbili? Mmoja ashike moja kwenye bomba la zimamoto, lile jekundu, aivute mita kumi na nne. Mwingine ashike kwenye kifuniko cha chemba, mita tisa. Zikikutana, hapo hapo."

"Sawa. Sululu! Leteni mtaimbo!"

"Nipeni muda tu," Mkuu alikuwa ameshaanza kusema kwenye simu ya zimamoto, "tukishaipata valvu tumemaliza." Zimamoto walikuwa wamekwama. Barabara ilikuwa imetumbukia mbele yao, na hakuna aliyethubutu kulikaribia lile dirisha lenye nondo, kwa sababu njia ya miguu iliyokuwa mbele yake ilining'inia juu ya shimo, maji yakiruka kando yake kwa nguvu ya kumwangusha mtu.

Hapo ndipo Dada Ramani alipofanya jambo ambalo baadaye aliulizwa sana kwa nini alilifanya. Hakuna aliyemwagiza. Ilikuwa desturi yake tu, kama mtu anayetazama kushoto na kulia hata kama barabara ni tupu. Kabla ya kufunga valvu yoyote, aliiuliza programu ni wateja gani watakaokosa maji. Akabofya. Orodha ikashuka: maduka, ghorofa za kupanga, kinyozi, gereji. Na katikati ya orodha, kwa herufi zilezile ndogo kama za kinyozi, kliniki ya figo.

Alijua kinachofanyika mle. Shangazi yake aliwahi kulala kwenye viti vile, mrija ukitoa damu mkononi, mashine ikiisafisha kwa maji mengi yasiyokoma, damu ikirudi. Asubuhi kama ile viti vingekuwa vimejaa. Kliniki ilikuwa kati ya shimo na ile valvu ya upande wa pili. Valvu ya juu ilishafungwa. Ya chini ikifungwa nayo, hakuna tone litakaloingia.

Akageuza macho. Hakuna mwingine aliyekuwa akiitazama skrini yake. Mkuu alikuwa na simu, wenzake walikuwa wamezunguka redio.

"Mkwe," ilisema simu mezani, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuisikia kwa mama yule. "Yamefika kiunoni. Huyu bibi harusi ni mfupi kuliko mimi. Nimemshika. Gauni linavuta maji kama godoro."

"Mama, tumeipata valvu. Wanachimba."

"Basi wachimbe upesi. Mimi naweza kusema sana lakini kuogelea sijui."

Dada Ramani akaitazama tena orodha. Kliniki kubwa kama ile lazima ina tangi, alijiambia. Watu wa hospitali wanajipanga. Wana matangi. Na kama hawana, mashine zitapiga kelele, wauguzi watajua la kufanya. Kunyamaza si kusema uongo. Angenyamaza muda wa kuzungusha spana tu, halafu angepiga simu mwenyewe. Mumewe angemwangalia kwa jicho gani akirudi kutoka safari akaambiwa mama yake alizama mkewe akiwa anasoma orodha?

Akanyamaza. Alinyamaza kwa muda wa pumzi kadhaa, na pumzi zile alizikumbuka kuliko mambo yote ya siku ile.

Kisha akapiga moyo konde. "Mkuu, kuna kliniki ya figo kwenye bomba hilo. Tukifunga, wanakauka kabisa. Watu wako kwenye mashine."

Mkuu akaishusha simu ya zimamoto taratibu. Aliitazama skrini, akaitazama simu iliyokuwa mezani ikitoa sauti ya maji, akamtazama Dada Ramani usoni. "Una namba yao?"

"Iko hapa, kwenye taarifa za mteja."

Mkuu akapiga. Ikapokewa na muuguzi mkuu, mwanamke mwenye sauti kavu. Walimsikia wote, kwa kuwa Mkuu aliweka sauti wazi. "Nguvu ya maji imeshapungua, tulikuwa tunajiuliza. Tangi letu dogo liko kwenye matengenezo. Msifunge. Nipeni muda niwatoe mmoja mmoja, kumtoa mtu si kama kuchomoa pasi."

"Muda gani, dada yangu? Nina watu wanazama."

Muuguzi akasikika akiwaita wenzake. "Nitakwenda mbio niwezavyo. Usikate simu."

Redio ikakoroma. "Ofisi! Tumeigonga! Kifuniko hiki hapa!" Ilikuwa sauti ya Tindo ikicheka kwa furaha. "Ndani kumejaa udongo lakini kichwa cha valvu kinaonekana. Spana imeingia. Nafunga?"

"Subiri," alisema Mkuu.

"Nini?"

"Nimesema subiri. Shika spana, usizungushe."

"Mkuu, nimekaa juu ya dawa na mgonjwa anakufa! Nasubiri nini?"

Mkuu akamweleza. Tindo akaishika spana. Zikasikika honi na pumzi zake.

Ofisini simu mbili na redio vilikuwa vikizungumza kwa pamoja. Katika simu moja muuguzi alikuwa akitaja viti, "Kiti cha dirishani tayari. Sasa wa mlangoni. Bonyeza hapo, bonyeza." Redioni spana ilikuwa ikigonga chuma. Katika simu ya pili mama mkwe alikuwa akimwimbia msichana wa watu wimbo usio na maneno, kama anayebembeleza mtoto, na kila baada ya muda wimbo ulikatika akatema maji.

"Kifuani," alisema, halafu akaendelea kuimba.

Dada Ramani alitaka kumwambia. Alitaka kusema, mama, mimi ndiye niliyesema, na kwa ajili ya neno langu mtu ameishika spana haizungushi. Badala yake akasema, "Mama, inueni vichwa, shikeni nondo za dirishani."

"Tumezishika."

"Mkuu," Tindo akasema redioni, sauti imebadilika. "Nikizungusha nusu tu? Huku mto utapungua, na kliniki watapata kidogo."

Mkuu akainamia simu ya muuguzi. "Umebakiza wangapi?"

"Wawili."

"Ukipata nusu ya maji?"

"Nipe nusu. Nusu kweli, usinidanganye."

"Tindo, nusu."

Wakasikia chuma kikilia. Valvu ile haikuwa imeguswa tangu izikwe, na ililia kama mlango wa kaburi. Mzunguko mmoja, mwingine, mwingine. Dada Ramani aliung'ang'ania ukingo wa meza.

"Mama, maji yanafanyaje?"

"Yanapanda."

Spana ikalia tena.

"Yanapanda," alisema mama mkwe. Halafu, "Ngoja. Yanapanda kivivu."

"Tayari!" Muuguzi alipayuka kwenye simu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa majini. "Nimemtoa wa mwisho. Fungeni! Fungeni yote!"

"Funga, Tindo!"

Wanaume walizungusha kwa kupokezana. Dada Ramani hakusubiri kusikia mwisho wake. Alichukua simu yake, akashuka ngazi za ofisi mbili mbili, akakimbia, kwa sababu mtaa wa maduka haukuwa mbali na kwa sababu kazi ya kompyuta ilikuwa imekwisha.

Alipofika, shimo lilikuwa limetulia kama bwawa la matope. Zimamoto walikuwa wamelaza ngazi ya chuma juu ya shimo mpaka kwenye lile dirisha, na lori la mafundi lilikuwa limefungwa kamba kwenye nondo. Dereva akavuta. Nondo zikang'oka pamoja na kipande cha ukuta. Wa kwanza kutolewa alikuwa bibi harusi, macho yamemtoka kwa hofu, gauni limekuwa rangi ya udongo. Alikuwa akisukumwa kutoka nyuma na mikono miwili minene. Kisha ikaja mikono yenyewe, kisha mama mkwe, tepu ya kupimia nguo bado iko shingoni.

Tindo alimshika asianguke. Ndiye aliyesema, kwa nia njema na mdomo usio na breki. "Mama, ungekuwa umeshatoka kitambo! Mkweo ndiye aliyetusimamisha, akasema kuna wagonjwa wa figo. Moyo wa chuma ule! Watu wote wamepona."

Mama mkwe akageuza shingo akamtazama Dada Ramani, aliyekuwa amesimama pale, mikono mbele kama anayetaka kupokea mzigo. Alimtazama sana. Kisha akajifunga blanketi alilopewa, akapita pembeni yake, akapanda gari la wagonjwa bila kusema neno.

Hospitalini walimwona mzima, ila kikohozi na michubuko. Akarudi nyumbani kabla jua halijazama. Akaoga, akala, akaitika salamu. Zaidi ya hapo, hakuna. Mtu aliyekuwa akisema hata usingizini akawa kama nyumba iliyohamwa. Mume alipopiga simu kutoka njiani, mama alimwambia yote, kwa utulivu, na Dada Ramani alisikia kutoka jikoni. Mume akaomba kuongea na mkewe. Akasema, "Nashukuru mama yangu yu hai. Hilo lingine acha nirudi tuongee tukitazamana." Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

Siku ya pili ikapita hivyohivyo. Ya tatu, Dada Ramani alipotoka kazini hakumkuta mama mkwe nyumbani. Cherehani zilikuwa zimetandazwa uani kukauka, mwenyewe hayupo. Alimsubiri mlangoni, roho mkononi, mpaka alipomwona akija na mwavuli wake, akitembea polepole kama mtu aliyetoka mbali.

Mama mkwe akakaa kwenye kibaraza, akavua viatu.

"Nimekwenda kwenye ile kliniki," alisema.

Dada Ramani akakaa chini, ngazi ya pili, hakuthubutu kukaa karibu zaidi.

"Nilitaka kuwaona. Nikasema, siwezi kununa kwa ajili ya watu nisiowajua sura. Nimekaa pale kwenye benchi kama mgonjwa. Yule muuguzi wao, mkali! Aliniuliza nina namba ngapi, nikamwambia mimi ni yule wa majini. Akanikalisha, akaninyamazia, halafu akanionyesha." Akazikanda nyayo zake. "Kuna mzee mmoja anasoma gazeti lililopinduliwa. Kuna mama mnene, anasema mno, ananung'unikia kila kitu, mpaka maji ya kunywa. Nikamwambia, wewe dada, unanikera. Akaniambia, na wewe pia. Tumepiga soga mpaka mashine yake ikamaliza."

Dada Ramani akacheka, kicheko kikageuka, akajikuta anafuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Nikuulize," alisema mama mkwe. "Kama ningekuwa mama yako mzazi?"

"Ningesema vilevile, mama. Lakini nilichelewa kusema. Nilinyamaza kwanza. Nilitaka kunyamaza moja kwa moja."

"Ulinyamaza kwa muda gani?"

"Kidogo. Kwangu mimi ulikuwa muda mrefu."

Mama mkwe alitazama barabara, watu wakipita na mizigo yao. Dada Ramani alimwona akipepesa macho, akadhani atalia, lakini hakulia.

"Kwa hiyo mkwe wangu alitaka kunichagua," alisema hatimaye. "Kidogo."

"Nilitaka sana."

"Basi hilo litabaki langu." Akanyoosha mkono, akamgusa begani ili ajiinulie, na uzito wake wote ukamwelemea Dada Ramani. "Sijakusamehe bado, usije ukajidanganya. Mimi ni mtu mzima, nasamehe polepole. Sasa njoo unishikie ile cherehani kubwa tuiingize ndani, mawingu yale siyapendi."

Wakaishika, mmoja huku, mmoja kule, wakaivusha kizingiti.